Sifuri Tatu: Wasifu wa Kaka Yetu, Fundi wa Saa wa Zimamoto

Kwanza niombe radhi kwa karatasi yenyewe. Mlioipokea getini mmeona ni nyembamba, picha imetoka nyeusi na sikio moja la kaka limekatwa. Ofisi yake ya zamani ilijitolea kutuchapishia ratiba ya rangi, kurasa nane, na kutuletea bendi, kwa sharti kwamba wasifu uruke kutoka mwaka 2011 hadi 2018. Afisa aliyeleta ujumbe huo alikunywa chai yetu, akamaliza, akaomba kikombe cha pili, ndipo akasema, "Hizo habari za saa zitawachosha wafiwa." Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kujibu. Nilimwambia kikombe cha pili akakinywe kwake. Tumechapisha kwenye duka la fotokopi kwa hela zetu, na hakuna mwaka uliorukwa.

Kaka yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mlango wa tatu kutoka kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na karani wa ghala. Saa aliyozaliwa haijulikani. Mama alishikilia kuwa ilikuwa kabla ya king'ora cha mchana cha kiwanda, baba akashikilia kuwa ilikuwa baada, na ubishi huo waliuendeleza hadi uzeeni, kwa raha zao, kila walipokosa la kugombania. Kaka akiulizwa alisema yeye alikuwepo ila hakuwa na saa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, jengo lile lile alilosoma baba. Darasa la tano alipewa kazi ya kupiga kengele. Siku moja mwalimu mkuu alikuwa bado anahutubia mstarini, kaka akatazama saa ya ofisini, muda wa kipindi ukafika, akapiga. Alichapwa viboko viwili. Kesho yake mwalimu mkuu akahutubia tena, na muda ulipofika kengele ikapigwa tena. Kuanzia hapo hotuba zikafupishwa, na wanafunzi wenzake, ambao baadhi yao mko hapa mkiwa na mvi, mkamnunulia karanga. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akaenda chuo cha ufundi kusomea mitambo ya mawasiliano, akahitimu Desemba 1978 akiwa wa pili katika darasa la watu kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa rafiki yake, naye ametangulia.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa na kikosi cha zimamoto kama fundi wa simu, redio na saa. Watu wengi hudhani zimamoto ni maji na ngazi. Kaka alikuwa anatuambia kwamba zimamoto inaanza na daftari: simu imeingia saa ngapi, gari limetoka saa ngapi, limefika saa ngapi. Kituo chao kilikuwa na saa saba za ukutani, kuanzia chumba cha simu hadi jikoni. Kila asubuhi alizunguka na redio ndogo mkononi akisikiliza ile milio ya saa kabla ya taarifa ya habari, akizirekebisha moja moja, hata ya jikoni, ambako mpishi alimwambia maharage hayajui kusoma saa. Wenzake wakamwita Sekunde. Wengi wenu hamjui jina lake jingine, na yeye hakujali.

Alimuoa wifi yangu, mwokaji mikate, Jumamosi tarehe 11 Mei 1985. Siku ya kwanza waliyopanga kuonana, wifi alichelewa makusudi dakika arobaini aone atafanya nini. Alimkuta amekaa pale pale kwenye benchi. Akamuuliza, "Hujakasirika?" Kaka akajibu, "Nimekasirika kwa dakika ishirini za kwanza, halafu nikazoea." Walijaliwa watoto watatu. Katika ndoa ya miaka thelathini na minane sikuwahi kusikia wifi akilalamika kuhusu mumewe isipokuwa kwamba aliikoroga chai muda mrefu kupita kiasi.

Sasa nafika mahali ambapo afisa yule wa chai alitaka turuke.

Mwaka 2011 kituo kilipata mkurugenzi mpya. Alisema kuzunguka na redio ni ushamba, na kwa kweli redio yenyewe ilikuwa imeacha ile milio ya saa tangu ilipoingiza kompyuta, kaka akawa anategemea saa moja ya mezani aliyoitunza karakanani kama mgonjwa. Mkurugenzi akasema tutanunua saa. Hakumaanisha saa ya kuvaa. Alimaanisha huduma: kampuni fulani ingeleta muda kwa waya hadi kwenye kompyuta za kituo, na saa zote saba zingefuata zenyewe. Kampuni za namna hiyo zipo, na kaka alisema nyingine ni za watu waaminifu. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima kama hii ni mojawapo.

Januari 2012 muuzaji akaja. Kijana wa tai ya zambarau, na mkononi makopo ya biskuti kwa kila idara. Kaka alikuwa na tabia ya kuandika maneno ya mtu yalivyo, kwa hiyo mazungumzo haya nayatoa kwenye daftari lake.

"Huo muda mnaotuuzia mnautoa wapi?"

"Kwenye seva zetu tatu, mzee. Nchi tatu tofauti."

"Na hizo seva zinautoa wapi?"

"Zinaangaliana zenyewe."

"Nani anawakagua ambaye hamumlipi nyinyi?"

"Tuna cheti."

"Cheti kimetolewa na nani?"

"Na idara yetu ya ubora."

"Mara ya mwisho mlikosea lini?"

"Mzee wangu, hatujawahi kukosea."

Chini yake kaka ameandika neno moja, Hawafai. Jioni ile mezani kwake alituambia kwamba kila saa duniani inakosea, hata ile kubwa kabisa inayosimamiwa na wataalamu, na tofauti ya mwaminifu na tapeli ni kwamba mwaminifu anakuonyesha daftari la makosa yake. Anayesema hajawahi kukosea hajawahi kujitazama. Alipeleka maoni yake kwa maandishi. Mkurugenzi aliyatia kwenye droo, akala biskuti, na tarehe 1 Machi 2012 mkataba ukaanza. Kwenye saa ya chumba cha simu wakabandika stika ya dhahabu iliyoandikwa SAHIHI DAIMA. Mimi niliiona kwa macho yangu. Nilidhani ni utani.

Yaliyofuata yananitia kinyaa hadi leo, na sitayapaka sukari. Kadiri miezi ilivyokwenda, watu wa kituo walianza kuona simu zao za mkononi hazilingani na saa ya ukutani. Watu wazima, wenye akili zao, wakasema simu ndizo mbovu, maana ya ukutani ina cheti. Wakaketi pale wakirekebisha simu zao na saa zao za mkononi zifuate stika. Mpishi peke yake ndiye aliyegoma.

Tarehe 20 Desemba 2012 kaka alilinganisha saa ya ukutani na ile yake ya mezani. Ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika tatu na nusu. Akaiandikia kampuni. Yule wa tai akarudi siku hiyo hiyo na karatasi nzuri, nzito, yenye mistari mitatu: seva ya kwanza, ya pili, ya tatu, nchi tatu, na mbele ya kila moja imeandikwa tofauti yake na wenzake. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mkurugenzi alisimama mlangoni akauliza kama saa moja kuukuu ya karakanani inajua zaidi ya nchi tatu.

Hapa ndipo kaka alipokosea, na aliniagiza niseme hivyo bila kulainisha. Alihesabu mashahidi. Aliona watatu upande mmoja na mmoja upande wa pili, na huyo mmoja alikuwa mzee, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kubishana. Akaipeleka mbele saa yake nzuri ifuate ile mbovu, kisha akatia saini kwamba saa za kituo zimehakikiwa.

Alhamisi, tarehe 18 Julai 2013, mchana, nyumba ya fundi viatu mmoja ilishika moto. Fundi mwenyewe alikuwa kazini kwake. Ndani alikuwemo mama yake mzazi, aliyekuwa hawezi kutembea. Jirani alipiga simu zimamoto. Aliyepokea alikuwa dada wa simu wa zamu, binti wa miaka ishirini na sita, mwaka wake wa tatu kazini. Alitazama ukutani kama alivyofundishwa, akaandika kwenye daftari: simu imeingia saa nane na dakika kumi na tisa. Gari lilipotoka akatazama tena, akaandika: saa nane na dakika ishirini na moja. Dakika mbili. Kaka alisema hakuna kituo alichokijua kilichokuwa na mkono mwepesi zaidi. Yule mama hakuokolewa. Nyumba ilikuwa ya mbao na upepo ulikuwa mkali.

Kampuni ya simu ilipoulizwa, kumbukumbu zake zilisema jirani alipiga saa nane na dakika kumi na mbili. Ndipo tume ya uchunguzi ikauliza dakika saba zimekwenda wapi. Wakasema binti aliiacha simu, pengine alikuwa amesinzia, pengine alikuwa akipiga soga, halafu akaandika uongo daftarini kujificha. Tarehe 2 Agosti wakamwita kaka kama shahidi wa ufundi. Mwenyekiti wa tume akamuuliza, "Saa ya ukutani ilikuwa inasema kweli?"

"Ilihakikiwa tarehe ishirini Desemba," kaka akajibu. "Saini ni yangu."

Binti akamgeukia. "Mzee, niliandika nilichokiona."

Kaka alituambia kwamba alitazama meza. Binti alifukuzwa kazi wiki ile ile. Magazeti yalimwandika, na mtaani akapewa jina: Dakika Saba. Watoto walimwimbia hivyo akipita kwenda dukani. Watu wazima pia. Fundi viatu, kwa uchungu wa mama yake, alimtemea mate mbele ya watu kituo cha basi, na waliokuwepo wakasema amefanya vizuri.

Machi 2014 mkataba ulikuwa unaongezwa, na kampuni ikaleta karatasi mpya. Kaka alikuja nayo nyumbani, akaiweka kwenye meza ya jikoni. Wifi alikuwa anatoa mikate. Akaisoma juu juu, akauliza, "Hizi sifuri ni za nini?" Kaka akamweleza kwamba ni tofauti kati ya seva na seva. Wifi akafuta mikono. "Mume wangu, majiko yangu haya mawili niliyanunua siku moja, duka moja. Moja linawahi, moja linachelewa. Hao wa nchi tatu hawatofautiani hata kidogo?"

Kaka alisimama. Wifi anasema alikwenda uani akakaa huko mpaka mikate ikapoa. Saa tatu za kweli haziachi kuzozana, kidogo sana, sehemu za sekunde, lakini zinazozana. Zikikubaliana kabisa, siku zote, basi ni saa moja imepewa majina matatu. Karatasi iliyomshawishi atie saini ndiyo ilikuwa ushahidi dhidi yao, na aliishika mkononi mwaka mzima.

Alipima jambo la pili. Alituma ujumbe wa kompyuta kwa kila seva na kuhesabu unachukua muda gani kwenda na kurudi. Zote tatu zilijibu upesi mno, tena kwa muda ule ule. Hakuna ng'ambo iliyo karibu hivyo. Akachukua anwani ya kampuni iliyokuwa kwenye ankara zao, akaniambia, "Twende, nataka mtu wa kuniambia kama naota." Ijumaa tarehe 11 Aprili 2014 tukaenda.

Ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kuku. Chini walikuwa wakichinja na kunyonyoa, na ngazi nzima ilinuka damu iliyochemka na manyoya mabichi. Mwenye duka la kuku, mama mmoja wa maneno mengi, ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa sababu alikuwa anahifadhi makreti yake mle ndani. Akatufungulia bila shida. Nchi tatu zilikuwa kreti moja la soda, na juu yake kompyuta moja, na juu ya kompyuta manyoya na kinyesi cha mende. Suruali ya mtu ilikuwa imeanikwa juu yake ikaushwe na joto la mashine. Nikaona duka la kuku ndilo safi zaidi katika jengo lile.

Kaka aliinama nyuma ya kreti. Alifuata kwa macho waya uliotoka nyuma ya mashine, wa antena, ule ambao ungepokea muda wa kweli kutoka nje. Ulifika dirishani ukaishia hapo, umekatwa.

"Mama, huu waya ulikatwa lini?"

"Huo? Siku niliyoweka dirisha jipya. Fundi alisema kuna waya unamzuia, nikamwambia kata, hauna mwenyewe." Akaenda chini, akarudi na risiti ya dirisha yenye alama ya vidole vya damu. Tarehe 24 Mei 2012.

Kaka aliomba fotokopi ya risiti. Kisha akaketi ngazini, kwenye uchafu ule, na suruali yake ya kazini, akahesabu kwa kidole. Tangu siku ile mashine ilikuwa ikijiendea yenyewe, ikitangulia sekunde moja kila siku: hadi tarehe 20 Desemba zilikuwa siku mia mbili na kumi, ndizo zile dakika tatu na nusu. Kutoka 24 Mei 2012 hadi 18 Julai 2013 ni siku mia nne na ishirini. Sekunde mia nne na ishirini ni dakika saba. Aliniuliza kama amekosea hesabu. Nilihesabu kwenye simu yangu mara mbili. Hakuwa amekosea.

Jumapili tarehe 4 Mei alikwenda kwa yule binti, aliyekuwa anaishi kwa shangazi yake na kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Binti alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Umemaliza, mzee?" Kaka akasema amemaliza. "Basi nenda kawaambie walionitoa. Mimi nilikuwa najua." Akafunga mlango. Kaka alituambia amejibiwa vizuri.

Ripoti yake ilikuwa kurasa tisa. Mkurugenzi aliisoma mbele yake, akamwambia, "Humu kuna mtu aliyetia saini. Ni wewe. Unataka kujifunga?" Kaka akasema ndiyo maana ameweka jina lake ukurasa wa kwanza, asije mtu akalitafuta. Mkurugenzi akaifungia. Kampuni, ilipopata habari, iliunganisha waya, ikafuta manyoya, kisha ikatoa cheti kipya kinachosema saa imekuwa sahihi tangu mkataba ulipoanza. Mkataba ukaongezwa. Kaka akahamishiwa stoo ya mipira ya maji, asikae karibu na saa yoyote, akafanya kazi huko hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2018. Sijui neno la heshima linalotosha watu hawa. Mama yetu angewaita uvundo, na mama alikuwa mtu mpole.

Aliandika barua thelathini na moja. Kwa tume, kwa wizara, kwa magazeti yale yale. Mwaka 2021 ofisi hatimaye ilimwandikia binti, mistari miwili: suala lako limefungwa, usiwasiliane tena na ofisi hii. Hawakusema hana kosa. Kaka alipoisoma alishikwa na hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo, akatupa kikombe ukutani, kisha akaokota vipande mwenyewe na kuomba radhi kwa wifi. Mwezi Novemba mwaka huo figo zake zilianza kushindwa.

Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa karibu miaka miwili. Hakuwa mgonjwa msumbufu, ila kila fundi wa mashine ya kusafisha damu alimuuliza mashine hiyo ilikaguliwa lini na nani, na mmoja wao, kwa kuulizwa tu, aligundua ilikuwa imepitiliza ukaguzi kwa miezi mitano. Yule binti alianza kuja kumtazama mwaka jana. Mara ya kwanza alileta mashuka safi, akatandika, akaondoka. Mara ya pili alikaa. Hakuwahi kumwambia amemsamehe, na kaka hakuwahi kumuuliza. Walizungumza habari za sabuni na bei ya mkaa.

Kaka yetu alifariki Jumanne, tarehe 5 Septemba 2023, asubuhi, wodini, wifi akiwa amemshika mguu. Daktari alitazama simu yake, muuguzi akatazama ukutani, wakapishana dakika nne. Wifi aliwaambia waandike asubuhi, basi.

Wiki moja kabla, alinipa maneno haya yasomwe leo, kwa kuwa ofisi haikukubali kuyasoma popote. Nayasoma yalivyo: "Siku ya moto ule simu iliingia saa nane na dakika kumi na mbili, na gari likatoka saa nane na dakika kumi na nne. Binti aliyeipokea hakulala, hakuchelewa, hakudanganya. Saa ndiyo iliyodanganya, na mimi niliithibitisha. Kabla ya kutia saini nilipaswa kwenda kuiona mashine kwa macho yangu. Ilikuwa nusu saa kwa miguu."

Asubuhi ya jana kampuni ile ilituma shada la maua lenye utepe wa dhahabu. Tumelitoa nje ya geti. Mkiondoka mtaliona kwenye pipa, na naomba msilirudishe ndani kwa huruma.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wawili. Wamo pia kati yetu watu wawili wasio wa ukoo, waliokaa safu ya mbele kwa ombi la wifi. Mmoja ni dada wa simu. Mwingine ni fundi viatu. Juzi nilimpelekea karatasi hii kibandani kwake kabla haijapelekwa kuchapishwa, kwa sababu haikuwa haki asikie habari za mama yake kwenye kipaza sauti. Aliisoma akiwa na kiatu cha mtu mapajani, akanirudishia, akaendelea kushona.

Jana alasiri alikuja msibani. Dada wa simu alikuwa uani anaosha vyombo pamoja na wifi. Fundi akasimama mbele ya beseni, akavua kofia.

"Dada, miaka kumi nakuita lile jina," akasema. "La kwako hasa silijui. Naomba uniambie."

Akamwambia. Ilibidi alirudie, kwa kuwa fundi alikuwa analia na hakulisikia vizuri mara ya kwanza. Kisha fundi akaomba kitambaa, akakaa, akakausha vyombo mpaka vikaisha.

Kaka yetu, kazi yako imefika mwisho. Mungu akupumzishe.